Nguo ya Kwanza na Jicho la Kushoto

Mgeni rasmi, uongozi wa hospitali, madaktari, wauguzi na wakunga, mafundi na wahudumu, wagonjwa wenzetu pamoja na ndugu waliowashika mkono mpaka ukumbini, akina mama mliokuja na watoto mgongoni, nanyi mliokuja peke yenu: tunawasalimu nyote kwa heshima.

KARIBU

Mgeni rasmi, umekuja kukata utepe wa jengo jipya, na tunajua rangi bado inanuka. Utatuona wengi tumevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Usidhani tunajidai. Mwanga unatuchoma, na chini ya baadhi ya miwani hizo kuna bandeji. Tukikupigia makofi huku tumeelekea upande ambao haupo, utuwie radhi. Makofi ni yako.

Tunakuomba pia uvumilivu. Risala hii imeandikwa kwa herufi kubwa, karatasi ni nyingi kuliko maneno, na msomaji wetu anasoma polepole. Waliopanga ratiba walitupendekezea msomaji mwingine, mwepesi, mwenye sauti ya redioni. Tulikataa. Sababu utaisikia kabla hatujakaa.

TULIKOTOKA

Wodi yetu ilianzia kwenye korido. Zamani palikuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika, upande mmoja mlango wa wazazi, upande wa pili mlango wa chumba cha kupimia macho. Vitanda vibovu viliondolewa, vikaja vizima, nasi tukalazwa juu yake. Hakuna aliyepanga kwamba wagonjwa wa macho walale jirani na wanaojifungua. Ilitokea tu, kwa kukosa nafasi.

Ujirani huo ndio uliotulea. Mtu aliyefungwa macho yote mawili hana saa wala dirisha. Tulijua kumekucha kwa mlio wa ndoo za wafagizi, na tulijua mambo yamekwenda salama upande wa pili kwa kilio cha mtoto. Kilio kikisikika, mmoja wetu husema kitandani, "Huyo kafika," na korido nzima huitikia. Tulifanya hivyo hata kwa watoto ambao hatukuwahi kuwaona, wao wala wazazi wao.

Wakati huo daktari wetu alikuwa na jambo linalomnyima usingizi. Walikuja watu wenye nyama ya jicho, ile inayotambaa kutoka kwenye weupe mpaka inapanda juu ya kioo cha jicho. Walikuja walioungua kwa maji ya betri, kwa chokaa, kwa mafuta ya moto. Dawa za matone zilifika mahali zikagota, kwa sababu uso wa jicho ulikuwa umekwisha, na jicho lisilo na ngozi yake ya juu hubaki kidonda, tena kidonda chenye hatari ya kutoboka. Ilibidi kipatikane cha kulifunika. Pamba haikufaa, nailoni haikufaa. Ilitakiwa ngozi halisi, iliyotoka kwenye mwili wenye uhai. Daktari alianza kulinganisha ngozi moja na nyingine, na sisi ndio tuliolinganishiwa machoni.

JINSI FUNDI ALIVYOTUKIMBIA

Miongoni mwetu yumo mwashi mmoja ambaye wote tunamwita Fundi. Katika maisha yake amepiga plasta kuta nyingi kuliko watu aliosalimiana nao, maana si mtu wa maneno mengi. Siku ya ajali alikuwa anazima chokaa kwa maji kwenye pipa. Pipa lilichemka, likamrukia usoni, macho yote mawili. Wenzake walimfuta kwa kitambaa badala ya kummwagia maji. Walifanya kwa nia njema kabisa, na chokaa ikazidi kusagika ndani. Tunalisema hili ili kila fundi aliyemo ukumbini alisikie: ni maji, maji mengi, kabla ya kitu kingine chochote.

Mkewe alimleta akiwa amemshika kiwiko. Daktari alimpima, akamweleza kwa upole kwamba jicho la kulia bado lina matumaini, na kwamba atamwekea utando juu yake.

Fundi alitoa kiwiko chake mkononi mwa mkewe. Kisha akasema, "Daktari, utando ndio ulionileta hapa. Nimekuja uniondolee, wewe unataka kuniongeza?"

Mgeni rasmi, tumlaumu nani? Katika lugha yetu sote utando ni ule ukungu unaomziba mzee macho, na ni ule wa buibui kwenye kona ya dari. Daktari alikuwa amesema neno lililo sahihi vitabuni, na kwa neno hilo hilo alikuwa amemwahidi mgonjwa upofu. Fundi aliinuka, akapapasa ukuta kwa kiganja mpaka mwisho wa korido, akapapasa wa nje, akafika getini, na mkewe nyuma yake akimsihi arudi. Mlinzi wa geti ndiye aliyemzuia. Alimuuliza ametoka na ruhusa ya nani, na kwa kuwa Fundi hajui kudanganya, alisema hana ruhusa, akarudishwa.

Tangu siku hiyo neno utando lilipigwa marufuku kwenye wodi yetu. Anayelitamka anaosha vikombe vya chai vya watu wote. Daktari ameosha vikombe vingi, na hajawahi kubisha.

Kabla ya Fundi kuja tulikuwa tumeshajaribu jina la wakunga. Wao huita mfuko unaomzunguka mtoto tumboni chupa; kila mzazi amesikia mtu akisema chupa imepasuka, twendeni hospitali. Ngozi aliyoikusudia daktari ni ya mfuko huo, ile ya ndani kabisa, nyembamba, inayopitisha mwanga. Tukaiita ngozi ya chupa, tukaona tumeokoka. Kumbe tumetoka shimo moja tumeingia jingine. Mzee mmoja tunayemwita Mzee Redio, kwa sababu hakizimi kile kidude chake, aliposikia atawekewa chupa jichoni alijifunika shuka mpaka utosini. Alisema ameshaumwa na mengi lakini vigae vya chupa hapana.

Tukakosea na kwa maandishi pia. Tuliomba friza ya kuhifadhia ngozi za chupa. Baada ya muda mrefu gari lilikuja likashusha katoni za chupa tupu, za kioo, na vifuniko vyake. Hatumlaumu mtu, aliyesoma alisoma kilichoandikwa. Friza ilikuja baadaye sana, baada ya daktari kwenda mwenyewe kueleza kwa mikono. Chupa zile tunazo bado. Wakunga wanawekea spiriti, na mojawapo ndiyo hiyo yenye maua mezani pako.

Jina lililotufaa alilipata mke wa Fundi. Jioni ya siku ile mumewe aliporudishwa kutoka getini, Sista wetu, kiongozi wa wauguzi, alikaa kwenye kitanda chao akamweleza taratibu. Mtoto akiwa tumboni amezungukwa na ngozi laini. Anakua ndani yake, anageuka ndani yake, inamkinga na haimkwaruzi. Anapozaliwa anaiacha, na watu huitupa pamoja na kondo la nyuma.

"Kwa hiyo ni nguo yake ya kwanza," alisema yule mama.

Fundi alikuwa amelala amewapa mgongo. Aligeuka. Aliuliza kama nguo hiyo ni safi. Sista akamwambia kwamba mama huombwa mapema na akikataa haulizwi tena. Kwamba damu yake hupimwa. Kwamba ngozi husafishwa kwa maji ya chumvi yenye dawa, hubanduliwa kutoka kwenye ile ngozi nzito iliyo chini yake, hutandazwa juu ya karatasi maalumu, hukatwa vipande na kugandishwa. Kisha hukaa kwenye friza miezi mingi mpaka mama arudi apimwe damu mara ya pili, kwa sababu yapo maradhi yanayojificha mwanzoni. Bila kipimo cha pili haigusi jicho la mtu. Ya Fundi ilitoka kwa mama aliyekuwa ameshapimwa mara zote mbili.

"Kama ni nguo ya mtoto," alisema Fundi, "nivalisheni."

Mpaka leo, mgeni rasmi, ukipita wazazi au macho utasikia nguo ya kwanza, na kila mtu anaelewa.

NGOZI TULIZOZILINGANISHA

Tunaomba utuvumilie hapa zaidi kuliko penginepo, kwa sababu tumesikia kwamba leo utatangaza ngozi moja itakayotumika. Hatukusikia kwa kutega masikio milangoni. Tangazo lilibandikwa ubaoni, tukasomewa na wenye macho.

Ipo ngozi ya mgonjwa mwenyewe, inayochukuliwa kwenye weupe wa jicho, chini ya kope la juu. Kwa mwenye nyama ya jicho hii ndiyo bora, na daktari wetu husema hivyo bila kupepesa. Ikishonwa mahali nyama ilipoondolewa, nyama hairudi kirahisi. Nguo ya kwanza ikiwekwa mahali hapo hapo, wanaorudi kulalamika ni wengi zaidi. Lakini ngozi hii hukatwa kutoka mahali pazima, na mwenye macho yote mawili yaliyoungua hana pazima pa kukata.

Ipo ya mdomoni, upande wa ndani wa mdomo wa chini. Ni nene, imara, haisinyai upesi. Inafaa mahali ambapo kope limegandana na jicho na panatakiwa patengenezwe nafasi upya. Ubaya wake ni wekundu. Jicho hubaki kama la mtu aliyetoka kulia, na mke wa mwenzetu mmoja kila asubuhi humuuliza kimemsibu nini. Tena haifai kuwekwa juu ya kioo cha jicho, kwa kuwa haipitishi mwanga.

Ipo ya ng'ombe, ngozi inayofunika moyo wake. Huja imekaushwa ndani ya pakiti, inakaa kabatini, haihitaji friza, haihitaji mama wala vipimo vyake. Hiyo ndiyo iliyotajwa kwenye tangazo, na tunaona kwa nini. Hatuidharau. Mzee Redio jicho lake lilitoboka, nayo ndiyo iliyoziba tundu. Bila ngozi ile jicho lingenywea, nasi tungekuwa tumeshasahau lilivyokuwa. Ila kazi yake ni kuziba. Haitulizi jicho lililovimba wala haiiti ngozi mpya ije kuota juu yake.

Na ipo nguo ya kwanza. Ni dhaifu, ukiivuta vibaya inachanika. Haikai, baada ya wiki kadhaa inayeyuka yenyewe. Lakini wakati ikiwapo, jicho linatulia, maumivu yanapoa, wekundu unashuka, na chini yake ngozi ya mgonjwa mwenyewe inatambaa polepole mpaka inakutana. Inapoondoka imeshamaliza kazi.

Fundi alipoelezwa hayo yote aliyaweka kwa lugha ya kazini kwake. Alisema ukuta una tofali, una plasta na una rangi, na mtu akikuambia uchague kimoja tu ujengee nyumba, huyo hajawahi kujenga. Tunaomba radhi kama maneno hayo ni makali. Tumeyaandika kama alivyoyasema.

MAFANIKIO

Waliokuja kwetu wakiongozwa na kuondoka wakiwa wanaongoza wenzao wapo, na wengine wamekaa humu. Yupo mshonaji aliyerudi kutunga uzi kwenye sindano. Yupo dada aliyemwagikiwa na maji ya betri, ambaye sasa anasoma ujumbe kwenye simu yake mwenyewe. Zamani alisomewa na wifi yake, akawa hana siri.

Kuhusu Fundi, bandeji ya jicho la kulia ilifunguliwa asubuhi, daktari akiwapo na mkewe akiwa amesimama mbele yake amevaa nguo nzuri. Fundi alimwangalia kwa muda. Kisha akainua uso juu ya kichwa cha mkewe, akaona ufa kwenye dari ya korido, akauliza ni nani aliyepiga ile plasta. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Alituambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua mumewe amerudi.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni umeme. Ukikatika, friza hufungwa kwa plasta ya jeraha na karatasi yenye maneno USIFUNGUE, na mtu hukaa kando yake mpaka jenereta liwake. Wagonjwa wenyewe tumekaa zamu hiyo. Kulinda kitu kisifunguliwe hakuhitaji macho.

Ya pili ni kipimo kile cha pili cha damu. Mama akishajifungua ana mambo yake. Analea, anahama, anabadilisha namba ya simu. Tusipompata, nguo aliyoitoa hatuwezi kuitumia, na wakunga huizika pamoja na mengine. Tunawashukuru wote waliorudi wakiwa na watoto mgongoni, kwa jambo lisilowahusu wao wala watoto wao.

Ya tatu ni jicho la kushoto la Fundi. Hilo chokaa ililifanyia vibaya zaidi. Kope la chini limegandana na jicho, halifunguki wala halifungiki sawasawa. Lilihitaji kwanza muda mrefu litulie, na sasa limetulia. Daktari amelipima, akasema linataka ngozi mbili kwa pamoja: ya mdomoni kutengeneza nafasi ya kope, na nguo ya kwanza kufunika kioo cha jicho. Jicho la kulia linamwezesha kusoma na kuona njia. Lakini kwa jicho moja hawezi kupima umbali wa mkono wake na ukuta, hawezi kupanda jukwaa, na mwashi asiyepanda jukwaa anabaki kuchanganya zege kwa ajili ya vijana aliowafundisha. Amefanya hivyo mwaka huu wote. Hajalalamika, na sisi tunamjua vya kutosha kujua kwamba anaumia.

Nguo iliyokuwa ikimsubiri iliharibika siku umeme ulipokatika na jenereta nalo likagoma. Baada ya hapo iliingia moja tu ndani ya friza, na hiyo ilikuwa haijapata kipimo cha pili. Tunaomba tukueleze ni ya nani, bila kumtaja.

Mama mmoja aliridhia mapema, akiwa kliniki, tumbo likiwa kubwa na moyo ukiwa mweupe. Alicheka aliposikia jina. Alisema mwanawe atakuwa ametoa sadaka ya nguo kabla hajajua kuvaa. Siku yake ya kujifungua kwa upasuaji ilipofika, sisi tulikuwa vitandani tunasikiliza kama ilivyo kawaida yetu. Tulisikia magurudumu ya kitanda, tukasikia mlango wa chumba cha upasuaji ukifungwa. Tulisubiri. Mlango ulifunguliwa, watu wakapita, viatu vyao vikipita polepole. Hakuna aliyesema huyo kafika. Mmoja wetu alivua kofia akailaza kifuani.

Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni. Mama hakuwa na ugonjwa wowote, na nguo ilikuwa safi. Lakini Sista aliliondoa lile beseni la kuipokelea akaliweka chini ya meza, mama asilione. Alisema yapo mambo ambayo mtu haombi.

Mama ndiye aliyeuliza. Alikuwa bado amelala pale pale.

"Ile nguo mmeichukua?"

Sista aliangalia chini ya meza.

"Ichukueni," alisema mama. "Ndiyo pekee aliyoivaa mwanangu. Msiitupe."

Wakaichukua. Ilisafishwa, ikakatwa vipande, ikawekwa ndani ya friza. Kisha miezi ikapita, ukafika wakati wa kipimo cha pili, na ndipo tulipojua sisi ni waoga. Sista alishika simu akairudisha. Daktari alisema atapiga yeye, hakupiga. Nani ampigie mama kama yule amwambie njoo, tunahitaji damu yako kwa sababu ya siku ile? Tukakubaliana tumwache, na nguo yake izikwe.

Alikuja mwenyewe. Alikuja tarehe ileile aliyoandikiwa, na kadi yake ya kliniki mkononi. Alikaa kwenye benchi pamoja na wenye watoto, zamu yake ilipofika akaingia akasema, "Nimekuja kupimwa. Au mmeitupa?" Tukamwambia ipo. Akakunja mkono wa gauni.

Majibu yalitoka mazuri. Nguo hiyo sasa inaruhusiwa kuvaliwa.

Mgeni rasmi, tangazo lile la ubaoni lina sentensi ya mwisho fupi. Inasema friza itaondolewa jengo likishafunguliwa, na vilivyomo vitaharibiwa kwa utaratibu. Aliyeiandika hakujua kilichomo. Sisi tunajua, na ndiyo sababu risala hii haikuweza kuwa fupi.

MAOMBI

Hatuombi mengi, na mengine tumeyafuta usiku wa kuamkia leo ili haya yasikike.

Tunaomba usitangaze ngozi moja. Ya ng'ombe ije, tutaipokea kwa mikono miwili, Mzee Redio ndiye atakayefungua pakiti. Lakini daktari aachiwe kuchagua ngozi inayolifaa kila jicho, na pale panapotakiwa mbili ziwe mbili.

Tunaomba friza ibaki. Kwenye ramani ya jengo jipya hatukuiona nafasi yake. Ikikosekana ndani, tuachiwe pale pale koridoni, tutaendelea kukaa zamu.

Na tunaomba, kabla hujashika mkasi, upite koridoni na kusimama mbele ya friza hiyo. Hutaombwa kuifungua. Ukitoka hapo ukiona bado inafaa kuondolewa, hatutanung'unika tena mbele yako.

KABLA HATUJAKAA

Mama yule tulimuuliza kama angependa kupewa shukrani yoyote. Alisema hataki kutajwa wala kupewa kitu. Ameridhia habari yake isemwe kama tulivyoisema. Aliomba jambo moja. Alisema hakuisikia sauti ya mwanawe. Basi kama yupo anayeisubiri ile nguo, asimame mahali aseme lolote, naye akae asikie sauti yake.

Mgeni rasmi, ndiyo maana hatukumpa karatasi hizi msomaji mwepesi. Anayekusomea ni Fundi. Amesoma kwa jicho la kulia tangu mwanzo mpaka hapa. Kurasa nyingine alifanyia mazoezi wodini, tukamsahihisha mpaka akatuchukia; kurasa za mama huyu tulimficha, anaziona sasa hivi kwa mara ya kwanza kama wewe unavyozisikia.

Fundi, endelea. Mama yumo ukumbini. Usiinue macho kutoka kwenye karatasi, usimtafute. Pumua, kisha usome mpaka mwisho kwa sauti ile unayowaitia vijana chini ya jukwaa, asikie vizuri.

Mgeni rasmi, Mungu akuongoze katika utakalolisema ukisimama, akurudishe salama kwa watu wako, na akulindie macho yako yote mawili. Awabariki akina mama waliotoa bila kujua wanampa nani. Ampe faraja aliyetoa huku analia.

Na kwa mtoto ambaye siku ile tulimsubiri, tukanyamaza, leo tunasema tulilokosa kulisema, na walioko koridoni mtuitikie:

Huyo kafika.

Ni sisi,
Wagonjwa, wauguzi, wakunga na wahudumu
wa Korido ya Macho na Wazazi